Uzinduzi wa Filamu ya Maduka Mawili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amemtuma mwakilishi wake, na mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa yote inayopakana na mtaa huu, pamoja na ile isiyopakana lakini imesikia kuna pilau. Viongozi wetu wa dini, wa msikitini na wa kanisani, ambao leo mmekaa benchi moja na ninawaona mnagawana feni. Wafanyabiashara wa jumla, wafanyabiashara wa rejareja, wamachinga mliopanga bidhaa mpaka kwenye ngazi za jukwaa hili. Wapagazi, ambao nawaomba mizigo iwekwe chini kwa sababu hotuba si fupi. Mama lishe, najua maharage yako motoni. Mabibi na mabwana, na nyinyi wateja mliokuja kununua mapazia mkakuta barabara imefungwa. Itifaki nimeipitia mwenyewe asubuhi na nimeridhika nayo, na kama kuna mkubwa nimemsahau, ajihesabu ametajwa na apige makofi. (Makofi.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, mimi ni Fikirini Abbasi, Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuratibu Filamu za Mapenzi ya Kuchekesha Zitokanazo na Riwaya za Kale, Kanda ya Kariakoo na Viunga Vyake, kamati ambayo katika miezi kumi na minane ya uongozi wangu imekaa vikao arobaini na kimoja, imeunda kamati ndogo sita, imegawa fulana mia mbili zenye picha yangu, na leo hii, mbele ya shuka hili jeupe mnaloliona limetundikwa ukutani, shuka tulilopewa na Mzee Abdulswamad wa duka la mapazia, imefikia hatua adhimu ya uzinduzi. Filamu yenyewe mtaiona baada ya hotuba. Kwa sasa naomba msilitazame sana shuka, mnitazame mimi. (Makofi ya hapa na pale.)

Naona pale mstari wa mbele mzee mmoja amekunja mikono tangu nianze. Huyo ni ndugu yetu Steven, baba mdogo wa binti yetu Brightness, ameingia jana kwa basi kutoka Moshi, ametumwa na ukoo mzima, na ametamka wazi kwamba hakuja kusikiliza hotuba, amekuja kutazama filamu, na kwamba neno la ukoo kuhusu binti yao litategemea atakachokiona kwenye hilo shuka. Neno hilo nitalifikia. Ndugu Steven, haraka haraka haina baraka. (Steven anakunjua mikono, kisha anaikunja upya.)

Ndugu wananchi, tuanze na upembuzi yakinifu. Duniani kote hivi sasa kuna wimbi, kuna mwamko, kuna kitu wataalamu wanakiita trendi, ambapo watengeneza filamu wanachukua riwaya ya kale, ile ambayo tulilazimishwa kuisoma shuleni tukaisoma muhtasari tu, wanamvua shujaa kanzu na kilemba, wanampa simu ya kioo, wanamhamishia mjini kwenye nyumba ambayo kwa kazi anayoifanya hawezi kuipanga, wanamgombanisha na msichana dakika ya tano, wananyeshesha mvua katikati, na mwishoni mtu anakimbia kumzuia mwenziwe asiondoke. Utafiti wa kamati yangu umebaini kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya wahusika hao huchukiana wanapokutana, asilimia kumi na mbili humwagiana kahawa, na asilimia mia na tatu huoana. (Mtu mmoja anahesabu kwa vidole, anakata tamaa.) Mkaniuliza, je, sisi wa Kariakoo tubaki nyuma? Hamkuniuliza, lakini nilijijibu, nikasema hapana. (Makofi.)

Sasa wazo hili, kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, lililetwa ofisini kwangu na Brightness mwenyewe, binti wa Mzee Elisaria na mama yetu Candida, wauzaji wa jumla wa masufuria. Huyu binti husoma riwaya chini ya meza ya duka, mteja akiuliza bei ya sufuria namba tisa anajibiwa bila kuinuliwa macho. Alikuja na kitabu kimoja cha zamani, jalada halipo, kinahusu nyumba mbili zisizosalimiana kwa sababu ya kisima, na kijana wa nyumba hii anampenda binti wa nyumba ile. Mimi binafsi riwaya hiyo nimeishika. Ni nzito. Nikamwuliza inaishaje, akasema inaisha vibaya, binti analia dirishani, kijana anaozeshwa mwingine, lakini akasema pia, na maneno haya niliyaandika, “Mwenyekiti, huo mwisho mimi naufuta.” Nikaona hapa kuna ubunifu, kuna fursa, kuna kontenti. Siku hiyo hiyo nikaunda kamati nikaiongoza.

Kazi ya kuihuisha riwaya haikuwa ndogo. Farasi tulimfanya bodaboda. Barua zilizofichwa kwenye kikapu cha tende tulizifanya meseji, ila barua ya posa tuliiacha barua, kwa sababu wazee walisema posa haitumwi kwa simu. Kisima hatukuwa nacho. Tukatafuta wapi pana nyumba mbili zisizosalimiana, na hatukutafuta mbali, maana duka la masufuria la Mzee Elisaria, mtoto wa Machame, na duka la mapazia la Mzee Abdulswamad, ambaye babu yake alitoka Hadharamauti, yanatazamana hapa hapa mtaani, hatua kumi na nne kutoka mlango hadi mlango, nimezipima kwa miguu yangu, na kwa miaka tisa wenye maduka hayo hawakuwahi kupeana hata shikamoo ya kupita.

Chanzo mnakijua, lakini protokali inanitaka nikitaje. Ni spika. Siku ilipofika habari kwamba mama yake Mzee Elisaria amefariki, mzee wetu alikaa pale mlangoni kwake katikati ya masufuria, watu wakaja kumpa pole, na ng'ambo ya barabara spika ya duka la mapazia, ambayo sauti yake imerekodiwa na haijui msiba wala harusi, ikaendelea kumwambia, “Pazia la sebuleni, pazia la chumbani, usiondoke mikono mitupu,” mpaka magharibi. Mzee Abdulswamad alikuwa safarini Tanga. Aliporudi akaambiwa, akaona aibu kuvuka barabara siku ya kwanza, siku ya pili aibu ikaongezeka, na aibu ikikaa miaka inafanana sana na kiburi. (Mzee Abdulswamad anaangalia viatu vyake.) Hilo la mwisho halikuwa kwenye hotuba, nimelisema tu.

Niliwaendea wazee wote wawili, kila mmoja kwake. Nikawaambia hili ni jukumu la kitaifa, kwamba wataigiza kama wao wenyewe, kwamba watazungumza wakati wa kuigiza tu na tukimaliza kila mtu anarudi kwenye uadui wake. Wakakubali. Mwanawe Mzee Abdulswamad, kijana wetu Muaz, akachukua nafasi ya kijana, Brightness akachukua nafasi ya binti, na niseme ukweli kwamba nilishangaa walivyofanya vizuri mazoezi ya kutazamana, hata zile siku ambazo mazoezi hayakupangwa. (Vicheko. Mama Candida anamfinya binti yake.)

Katika utekelezaji tulikumbana na changamoto chache ambazo tumezigeuza kuwa mafanikio. Onesho la mvua tuliliweka Jangwani, na mvua, kwa uzalendo wake, ikanyesha. Ikanyesha siku tatu, barabara ikafungwa, na wapenzi wetu wakabaki kila mmoja upande wake wa maji wakipungiana, jambo ambalo kwa kweli linaendana na riwaya zaidi. Onesho la chakula cha jioni chenye mishumaa tulilihamishia Feri, saa sita mchana, samaki wa kukaanga, bila mishumaa, na Muaz alichomwa na mwiba wa changu kooni, Brightness akamlisha matonge ya ugali makavu mpaka ukashuka, na mama wa samaki aliyekuwa anawatazama akaniambia huyu kijana ameshapata mke. Na lile onesho la kukimbilia uwanja wa ndege, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anasafiri, tulilifanya kivukoni Magogoni. Muaz alitoka mbio sokoni, akafika anahema, pantoni imeshaondoka na Brightness yuko ndani, akasimama pale ukingoni amejishika kichwa kwa huzuni kubwa ya kisanii, na baada ya nusu saa Brightness akarudi na pantoni hiyo hiyo kutoka Kigamboni akiwa na mahindi mawili ya kuchoma. Moja akampa.

(Sauti ya mama lishe kutoka nyuma: “Sasa hiyo yote si mtuonyeshe?”)

Mtaonyeshwa, mama. Kila jambo na wakati wake. Na wote mlikuwepo, wote mlimwona Katibu wangu Gaudens akiwa na lile boksi la kamera begani, boksi rasmi, lenye maandishi, akiligeuza huku na huku kwa umahiri mkubwa. Kila mtu alisimama wima lilipomwelekea. Hapa naomba niendelee na ukurasa unaofuata.

Ndugu zangu, nafika kwenye onesho la posa, na hapa naomba utulivu. Mshenga niliigiza mimi, kwa sababu mtaa huu ukitaka mtu mwenye haiba unajua unakokwenda. Nilivuka barabara nikiwa na barua ya posa, Mzee Abdulswamad na mkewe Bi Saadiya wamenifuata, nikabisha hodi dukani kwa Mzee Elisaria, nikakaribishwa kwenye stuli, nikaisoma barua yote kwa sauti hii mnayoisikia. Kwenye mswada Brightness alikuwa ameandika kwamba kabla ya jibu, baba wa kijana atamkabidhi baba wa binti jani moja refu la kijani lililofungwa fundo. Jani lenyewe liliagizwa kwa basi kutoka Machame. Mimi nilidhani ni pambo. Niliandika kwenye orodha ya vifaa: jani, moja.

Wachagga mliopo hapa mmeshaanza kutikisa vichwa. Halikuwa pambo. Lilikuwa isale, na kwao mtu akikuletea isale amekuja kuomba msamaha, nawe huna njia ya kumrudisha nalo, hata kama amekuchomea nyumba. Mzee Abdulswamad hakulijua hilo. Aliambiwa tu na Brightness, “Baba, ni jani la amani la kwetu, mpe tu, si lazima useme kitu.” Lakini alipolishika akasimama mbele ya Mzee Elisaria, akatoka nje ya mswada. Alisema, “Elisaria, ile siku ya msiba wa mama yako, spika yangu haikuzimwa. Nilipaswa kuvuka barabara nikakupa pole. Sikuvuka.” Basi. Mama Candida akajifunika uso kwa kanga. Mzee Elisaria alilitazama lile jani muda mrefu kuliko hotuba zangu nyingi, akalipokea kwa mikono miwili, kisha akasema posa tumeipokea na binti tumempa.

Mimi, kama mwongozaji, niliona mwanga haukukaa vizuri. Nikapiga makofi nikasema kata, turudie. Mzee Elisaria akanigeukia taratibu akaniambia, “Fikirini, isale halirudiwi.”

(Mahali fulani spika inazimwa.)

Tangu siku ile wazee hawa wanakunywa kahawa pamoja kila alasiri, spika zimegeuzwa zinatazama barabara kubwa, na mambo ya kanisani na msikitini wameyamaliza wenyewe bila kamati ndogo hata moja: vijana wataenda bomani kwa mkuu wa wilaya, kila mmoja abaki na dini yake, na babu na bibi watagombania majina ya wajukuu wakati ukifika. Ingekuwa imekwisha. Lakini habari zilipanda mlima. Na ukoo, kupitia kwa ndugu yetu Steven hapa, ukasema hivi, na ninawanukuu bila kupunguza: msamaha ni wa Elisaria na mwenziwe, huo umepita, ila binti ni wa ukoo. Kama ile posa ilikuwa ya filamu, basi yalikuwa maigizo, na maigizo hayaozeshi mtu. Binti arudi Machame, mengine yazungumzwe upya, kama yatazungumzwa. Ila kama hapakuwa na filamu, basi watu wazima walikaa kitako wakapokea posa mchana kweupe, na ukoo wao haugeuzi kauli. Kwa hiyo Steven ametumwa kuja kutazama. Iko, au haiko?

(Steven anasema, bila kusimama: “Ndiyo. Iko au haiko?”)

Nitajibu. Mtu wa hadhi yangu hajibu swali kabla halijakomaa. (Gaudens anampelekea kikaratasi.) Katibu ananikumbusha kwamba... Katibu, hili ungeninong'oneza tu.

Ndugu wananchi, mniruhusu niiweke hotuba chini kidogo. Jana alasiri nilikuwa ofisini napiga pasi koti hili, akaingia Brightness. Akaniamkia, nikamwitikia marahaba, nikadhani amekuja kuulizia fulana. Akasema, “Mwenyekiti, mimi na Muaz tunajua tangu wiki ya tatu. Siku ile Jangwani mvua iliponyesha Gaudens aliliweka boksi chini kwenye maji, hakushtuka hata kidogo. Mtu mwenye kamera angeshtuka.” Nikamwuliza kwa nini hawakusema. Akajibu kwamba bila filamu baba zao wasingevuka barabara. Kisha akaniambia, “Umetudanganya wote mwaka mzima na nusu na hatukukusumbua. Kesho sema kweli mara moja tu.”

Sikulala vizuri. Mnajua jina langu liko mahali, kuna uteuzi, kuna watu wa juu wanaofuatilia mradi huu kama mradi wa mfano, pailoti, wa kuigwa na kanda nyingine, na taarifa ya utekelezaji niliyowapelekea inasomeka asilimia tisini na sita. Nikajiambia, nitasema mtambo umeharibika. Nitasema umeme. Nikisema umeme, nani atabisha? Filamu itabaki ipo, mimi nitabaki mwenyekiti, na binti atapanda basi la alfajiri na baba yake mdogo. Hotuba hii niliyoishika, ukurasa wa kumi na moja, imeandikwa umeme. (Anaukunja ukurasa wa kumi na moja, anauweka mfukoni.)

Muaz yule pale, hajala tangu jana, mama yake ananiambia. Brightness yule pale, ananitazama kama mteja anayejua bei halisi. Mimi, Fikirini, katika utumishi wangu nimezindua visima visivyo na maji na vyoo visivyo na milango, na kila mara nilikata utepe nikaenda kula, na hakuna aliyekaa mstari wa mbele akisubiri maisha yake kwa neno langu. Leo wapo wawili. Naona vibaya.

Basi nasema kwa niaba ya Kamati, na hii ni kauli rasmi na iandikwe: nawashukuru wote walioshiriki katika filamu hii. Namshukuru mpiga picha wetu, ambaye hakuwahi kupiga picha hata moja. Naishukuru kamera, ambayo niliwaambia imeletwa kwa meli na ambayo haijawahi kupanda meli yoyote. Naishukuru maabara iliyohariri kazi ambayo haikurekodiwa. Namshukuru mwenye riwaya ambayo sikuisoma, na binti aliyeisoma akaufuta mwisho wake. Ndugu Steven, umetoka mbali, basi ukawaambie: filamu haipo. Haikuwahi kuwepo hata siku moja. Kila kitu kilichosemwa dukani kwa kaka yako kilisemwa na watu wazima kwa vinywa vyao, na barua ya posa niliyoisoma ni barua ya posa.

(Hakuna anayepiga makofi. Mzee Abdulswamad anasimama, anasema, “Na kwetu ndoa haina mzaha. Nilichotamka nimetamka.” Steven anakunjua mikono, anamtazama kaka yake, anamtazama binti. Anasema, “Basi tumeshampa.” Vigelegele. Mama Candida analia waziwazi. Bi Saadiya anavuka barabara.)

Tulieni, tulieni, sijafunga kikao. Naomba mnijibu kwa nguvu. Filamu! (Haipo!) Posa! (Ipo!) Kariakoo! (Hoyee!) Mwenyekiti! (Kimya, kisha mama lishe: “Hoyee kidogo!”) Hiyo kidogo inatosha, nimeipokea.

Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye hayupo, atapelekewa taarifa kwamba mradi umefikia asilimia mia moja, kwa sababu wanaotarajiwa kuoana wanaoana, na hizo ndizo takwimu za kwanza nilizowahi kutoa zenye watu ndani yake. Fulana mnaweza kubaki nazo, zinafaa kwa kupigia deki. Pilau imepikwa na duka la mapazia kwenye masufuria ya duka la masufuria, nimeionja mwenyewe, ipo.

Na sasa, Gaudens, weka boksi mezani, lifungue watu waone. (Gaudens analifungua. Ndani kuna matofali mawili.) Miezi kumi na minane kijana huyu ameyabeba haya begani ili boksi lisipeperuke, na wala hakuwahi kulalamika. Waheshimiwa, mabibi na mabwana, kwa mamlaka niliyojipa, natamka kwamba matofali haya mawili nawakabidhi Muaz na Brightness waanzie ujenzi. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na wapagazi, sasa mnaweza kuchukua mizigo yenu.